Kwenye Mkweche, Mkaguzi ni Wewe

Ukifika Uingereza mwezi Septemba usiishie London. Teremka kusini hadi Beaulieu, penye makumbusho ya magari. Hapo kuna gulio la spea za magari ya kizamani, lilianza mwaka 1967. Wee acha tu! Kabureta, taa, usukani, vyote vimetandazwa kwenye majani kama nyanya sokoni.

Mimi macho yangu yalinasa kwenye maboksi ya majarida makuukuu. Lipo Practical Classics, lililoanza 1980. Hilo si la matajiri wa Ferrari. Ni la jamaa mwenye Morris Minor na spana zake uani. Linaonyesha kwa picha, hatua kwa hatua, jinsi ya kukata kutu na kuchomelea bati jipya. Gazeti la habari huchacha kesho yake, lakini haya hayachachi: Minor iliachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, haibadiliki tena.

Msidhani ni mchezo. Tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40 bila mageuzi makubwa halilazimiki kukaguliwa kila mwaka huko. Maana yake mkaguzi ni mwenye gari. Na masta silinda ya breki ya Minor imejificha chini ya sakafu ya dereva, kule kule kutu inakopenda kula.

Basi ukipita Beaulieu, kabla hujababaikia taa inayong'aa, nunua kwanza jarida la kukufundisha kulala chini ya gari na kuchungulia. Rangi haishiki breki, ati!