Betri sita za nini?

Wadau, kile kigari cha gofu cha umeme kinachompeleka mwenzetu wa magongo lekcha kimeanza kuzimia mlimani, na Jumatatu ana pepa. Fundi keshapiga hesabu ya betri sita mpya. Sita! Kwa bumu la nani?

Nikachukua mita. Kigari kikiwa kimesimama, kila betri ya volti 8 inasoma 8.4, zote freshi. Ila bila mzigo hata betri mbovu hujifanya nzima. Basi nikawa nafunga nyaya za mita kwenye betri moja moja, mshkaji anakipandisha mlima. Tano zikashuka kidogo tu. Ya nne ikaporomoka hadi 5. Huyo ndo mchawi.

Tunasaka moja, iliyotumika kama wenzie, maana mpya kati ya kuukuu nayo huchoka mapema. Mwenye nayo amwone CR kabla ya Jumapili.