Kigurudumu kilichomdanganya mama

Leo nina kisa kifupi, na kosa ni langu.

Nikiwa hapa Kitengela nilimtengenezea muuzaji wa maji wa Kajiado mjini ukurasa wa kuagiza lori. Ukibonyeza "Agiza", kigurudumu kinazunguka; jibu likirudi, JavaScript inakiondoa. Kwangu kilifanya kazi vizuri.

Kumbe mama mmoja aliagiza, mtandao ukakatika. Kigurudumu kikaendelea kuzunguka, naye akasubiri maji mpaka jioni. Nilipompigia kumwomba radhi aliuliza, "Kijana wangu, si kilikuwa kinazunguka?" Nikakosa la kusema.

Amri ya kukiondoa niliiweka ndani ya then peke yake. Ombi likishindwa, then inarukwa. Ihamishie kwenye finally, iliyoingia katika JavaScript mwaka 2018: hutekelezwa ombi likifaulu au likishindwa. Kwenye catch mwambie mtu ukweli: "Hatujapata jibu, tupigie simu." Na mtandao unaweza kukwama bila kukatika, kwa hiyo weka kikomo cha muda kwa AbortController.

Siku hizi kila ukurasa naujaribu pia nikiwa nimezima intaneti. Jaribu wako leo, kabla mama wa watu hajakusubiria.