Mguu Mmoja Ukivimba
Nipitapo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mimi hutazama miguu. Fundi wa cherehani ya kukanyaga ana bahati asiyoijua: kila akanyagapo, misuli ya mashavu ya miguu husukuma damu irudi moyoni. Muuza mitumba aketiye kigodani tangu asubuhi hana msaada huo, wala abiria wa basi la Mwanza, safari ya kutwa nzima. Damu ikizorota mishipani huweza kuganda ikawa bonge, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni au mtu aliyepasuliwa. Inuka, tembea, chezesha vifundo. Na mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto, usikubali kuchuliwa mafuta, hata na shangazi mpendwa! Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Bonge likimeguka huenda mapafuni, nalo huua.