Mzizi umepinda kama ndoano!

Jego langu la chini lilininyima usingizi siku tatu. Nikaenda kwa daktari nimeshaamua: ling'olewe, tumalizane. Yeye akainua eksirei kwenye mwanga. "Kijana, hili linaokoleka. Kilichooza ni kiini. Kazi iko kwenye mzizi, ona ulivyopinda!"

Basi bwana, akanionyesha vitupa vyake, vyembamba kama sindano. Cha chuma, anasema, kikifika kwenye kona kinataka kunyooka. Ukikilazimisha kinachimba njia yake, pengine kinatoboa ukuta wa mzizi, na hapo jino kwaheri. Kingine ni cha nikeli na titani, aina ambayo watafiti wa Marekani waliiandikia mwaka 1988. Akakikunja, kikanyooka chenyewe. Hicho hufuata kona, ila kikichoka hukatikia humo humo bila kuaga. Nikameza mate.

Akaanza na kile cha chuma namba 10, ncha milimita 0.10, amekipinda mwenyewe kwa mkono. Pole pole, maji ya dawa, kidogo tena. Mdomo wazi saa nzima, jamani!

Wiki iliyopita jego likavishwa kofia. Juzi nimetafunia hindi la kuchoma upande uleule.