Ng'ombe wa Bucha na Bei ya Herufi

Ukitoka Meru mjini kuelekea Embu unavuka Ikweta, na muda si mrefu unaingia Nkubu. Ni mji wa kando ya barabara: hospitali ya Consolata, stendi ya matatu, soko, agroveti, bucha zilizopangana. Juu yake mashamba ya chai yanapanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, chini yake kuna kahawa, na chini zaidi ndizi za Mitunguu. Jumba la maonyesho ya sanaa halipo. Hata hivyo kazi zangu zimeonwa na watu wengi, maana ziko juu ya milango wanayopita kila siku kununua unga, nyama na dawa ya ng'ombe. Mimi ni mchoraji wa mabango na kuta. Kazi hii imenijengea nyumba na kusomesha watoto wangu, lakini ninaloandikia ni jingine: biashara ndiyo iliyonifundisha kuchora.

Nasema hivyo kwa sababu vijana wengi wenye mkono mzuri hunijia na hofu ileile. Wanaogopa kwamba siku watakapoanza kuuza picha, mapenzi yao ya kuchora yatakufa. Mimi yangu yalikuwa machanga kabla ya kukutana na mteja. Nilichora nilichopenda, nikakipenda nilichochora, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nilikuwa shule ya msingi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Ulikuja na masomo ya mikono: Sanaa na Ufundi, Muziki, Sayansi Kimu, Kilimo. Tulisokota mkonge, tukafinyanga udongo wa mtoni, tukachonga viazi na kuvichovya katika rangi ili kuchapa maua kwenye karatasi. Jambo hilo lilikuwa na uzito kwa sababu sanaa ilitahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtoto aliyechora vizuri alihesabiwa kuwa anasoma, hakuambiwa anacheza. Naamini wengi wa rika langu wanaoishi kwa ufundi wa mikono wana deni kwa madarasa yale, hata kama walimu wetu wenyewe walikuwa wakijifunza pamoja nasi.

Nyumbani tulikuwa watu wa kahawa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukiigawia kila nchi kiasi chake cha kuuza ulivunjika, bei ikaanguka, na fedha zilizofika kwa mkulima kupitia chama cha ushirika zikapungua mno. Wapo majirani waliong'oa mibuni wakapanda mahindi. Nilimaliza kidato cha nne katika miaka hiyo, na habari ya chuo haikuzungumzwa mezani kwetu. Baba alinipeleka Meru mjini kwa mzee mmoja aliyeandika mabango karibu na soko la Gakoromone, akamwambia, "Huyu anapenda kuchora. Mfundishe kitu atakachokula."

Yule mzee hakunipa picha. Alinipa herufi. Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa kuosha brashi kwa mafuta ya taa, kupiga msasa mabati, na kuchora mistari kwa uzi uliopakwa chaki: mmoja ashike huku, mwingine kule, uvutwe na kuachiwa, ubaki mstari mweupe ulionyooka. Jioni niliandika A hadi Z kwa maji juu ya saruji, yakauke, nianze tena. Alinionyesha kwamba O ikiwa na urefu sawasawa na H, jicho litaiona fupi. Sharti ipite mstari kidogo juu na chini. Alinionyesha kwamba A ikikaa jirani na V hupaswa kusogezwa, la sivyo neno litaonekana limepasuka. Kanuni hizo hazisomwi na mtu anayepita, lakini anazihisi. Anaposema duka fulani linaonekana la heshima, mara nyingi kinachosema naye ni nafasi zilizo kati ya herufi.

Bei nayo nilijifunza kwake, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi unapogeuka kuwa biashara. Mzee alitoza kwa herufi, kulingana na urefu wake, kisha akaongeza picha kama ipo, ngazi kama ukuta ni mrefu, na nauli kama ni mbali. Bei ilitajwa kabla kopo halijafunguliwa. Nusu ililipwa kama arubuni, na rangi ikanunuliwa kwa arubuni hiyo, kamwe si kwa fedha ya fundi. Mteja anayesema "chora kwanza nione" alijibiwa kwa upole aende akaone mabango yaliyokwisha kuchorwa, yako mji mzima. Kila kazi iliandikwa katika daftari la Kasuku: jina la duka, idadi ya herufi, rangi iliyotumika, kilichobaki kudaiwa. Daftari zangu ninazo mpaka leo. Nikizifungua naona mji wa Nkubu ukizaliwa upya kila Oktoba na Novemba, baada ya bonasi ya majani chai, watu walipokuwa na fedha za kufungua vibanda.

Niliporudi Nkubu kujitegemea, moja ya kazi za mwanzo ilikuwa bucha. Nilichora ng'ombe niliyemjua, Friesian mweusi kwa mweupe, mwenye kiwele kikubwa, kama wale waliofungwa katika mazizi yetu. Mwenye bucha alikuja, akasimama mikono nyuma.

"Kijana wangu, huyu ni wa maziwa."

"Ndiyo, mzee."

"Basi mtu atapita hapa ataona nachinja ng'ombe wa maziwa aliyezeeka. Mimi nyama yangu inatoka Isiolo."

Akanituma mnadani. Nilishinda pale nikitazama madume ya Boran: nundu iliyokaa juu ya mabega, ngozi inayoning'inia chini ya shingo, mgongo ulionyooka, mapaja yaliyojaa. Sikuwahi kumtazama mnyama kwa namna ile. Nilipochora upya, wanaume waliokuwa wakisubiri kupimiwa nyama walianza kubishana kuhusu uzito wa yule dume wa ukutani, na mmoja akataja bei. Hapo nilielewa kwamba nina wakaguzi ambao chuo chochote cha sanaa kingewatamani.

Wakaguzi hao wako katika kila kazi. Mwenye saluni aliniketisha kwenye stuli alasiri nzima nitazame vidole vyake vikisuka, kwa sababu, alivyosema, nilikuwa nimechora mistari ilhali nywele zina mahali zinapoanzia na mahali zinapokwenda. Mwenye agroveti alitaka kuku mwenye afya ajulikane kwa rangi ya upanga wake. Fundi wa pikipiki alihesabu spoku. Mama wa hoteli alitaka mvuke wa chai utoke kikombeni ukielekea mlangoni, ndani, siyo barabarani, na alikuwa na haki. Kila mmoja alijua kitu kimoja vizuri kuliko mimi, na alikuwa analipa. Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyuma ya bega lako, huwezi kuchora kwa mazoea.

Kuna mkaguzi mwingine asiyelipa, na huyo ni jua. Tunaishi karibu kabisa na Ikweta. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, kisha linahamia kusini hadi Machi inayofuata, kwa hiyo hakuna ukuta unaopona mwaka mzima. Nyekundu zile kali ambazo wenye bucha wanazipenda ndizo zinazotangulia kufifia. Nyekundu ya udongo, ile yenye asili ya kutu, inadumu, lakini haina ukali wanaoutaka. Basi nachanganya: ya udongo inatangulia chini, kali inakaa juu, ili ile ya juu ikififia bango lisikae uchi. Nyeusi na buluu hazinipi shida. Mvua nayo ina ratiba yake. Huku mashariki ya mlima, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo nzito, na zinaangukia msimu uleule ambao watu wana fedha. Julai ni baridi na ukungu; rangi ya mafuta ikishikwa na ukungu kabla haijakauka inapoteza mng'aro, na hakuna kitambaa kitakachourudisha. Kwa hiyo Julai mimi hufanya kazi za ndani na kuandaa mabati. Mteja akiniharakisha, namweleza. Akikataa kuelewa, namwacha atafute mwingine, kwa sababu jina langu liko chini ya bango pale pembeni.

Mwaka 2004 ulileta kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Kanuni za waziri John Michuki zilianza kutumika Februari: mikanda ya viti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano kuzunguka kila matatu. Picha na maandishi ya mbwembwe yaliondolewa. Wachoraji wa matatu waliumia, nami nilihuzunika, kwa maana baadhi ya picha bora nilizowahi kuona Kenya zilikuwa zikitembea kwa magurudumu. Lakini mstari ule ulinihitaji. Ubavu wa gari una mikunjo na mabonde. Ukifuata chuma, mstari unayumba ukiutazama kutoka ng'ambo ya barabara. Lazima usimame mbali, uunyooshe kwa jicho, ndipo ubandike utepe na kupaka. Elimu ya uzi na chaki ilinilipa kwa wingi mwaka ule.

Makampuni ya simu nayo yalitupa kazi za kujirudia. Duka lililopakwa rangi za Kencell likawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, Airtel mwaka 2010. Kati yake kijani cha M-Pesa kikaenea tangu 2007 hadi vibanda vya ndani kabisa. Ilikuwa fedha nzuri, na mimi siidharau fedha. Ila kazi ile haikuwa na mtu nyuma ya bega. Mchoro ulikuja umeshaamuliwa mahali pengine, wa Nkubu sawa na wa Kisumu, na mimi nilijaza tu.

Halafu zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki. Mtu anatuma picha kwa simu asubuhi, jioni bango limetundikwa. Wenzangu kadhaa waliacha kazi. Nilikaa na daftari zangu nikazipekua nikitafuta ni wapi mashine haiwezi kunifuata, na jibu lilikuwa ukutani: saruji iliyoparara, nguzo za duara, darasa lenye madirisha pale ulipotaka kuchora. Wakati mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchini mwaka 2019, walimu wa madarasa ya awali, PP1 na PP2, walitaka kuta zinazofundisha: wanyama, miezi, sehemu za mwili, herufi kubwa na ndogo. Nikarudi kwenye herufi zangu. Nimefundisha watoto wa Imenti Kusini kusoma A bila kuingia darasani wakiwepo, na katika kazi zangu zote hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi.

Watu husimulia habari za Joseph Bertiers wa Dagoretti, aliyeanza kwa kuchora mabango ya baa na kazi zake zikafika Marekani, na hunitajia kana kwamba mimi nimekwama njiani. Namheshimu sana. Lakini bango kwangu halikuwa ngazi ya kupandia kwingine. Niliwahi kusafiri hadi Murang'a kutazama michoro ya ukutani aliyoifanya Elimo Njau katika miaka ya 1950, ndani ya kanisa kuu la Kianglikana: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba, yote yakiwa katika vilima na miti ya huko, na watu wa huko. Nilisimama nikiangalia miguu, vibuyu, mteremko wa shamba. Mtu aliyechora vile alikuwa amewatazama wenyeji kwa makini kabla ya kuwachora, na wenyeji wangemkosoa kama angekosea. Nilirudi Nkubu nikiwa na uhakika kwamba niko katika kazi ileile.

Siku hizi nafanya kazi na vijana wawili. Wanaanza kwa uzi na chaki. Wananung'unika, kisha wanaacha kunung'unika. Nawalipa kwa kazi, na jina la aliyeandika herufi linakaa pamoja na langu.

Juzi tulikuwa Mitunguu, katika banda ambalo kikundi cha akina mama kinakusanyia ndizi kabla lori halijaja. Nilikuwa nimechora mgomba na mkungu mkubwa, ua la zambarau likining'inia chini, na nilikuwa nimeifurahia ile zambarau. Mwenyekiti wao, mama wa umri wa dada yangu mkubwa, aliniita nikiwa juu ya ngazi.

"Fundi, hilo ua sisi tunalikata."

"Hata kwenye picha, mama?"

"Hasa kwenye picha. Ndizi zikishatoka, ukiliacha linakula chakula cha mkungu. Wanachama wapya hawajui. Wataona ukuta huu wataamini ukuta."

Nikamwambia naweza kulifuta, au naweza kuchora mikungu miwili, mmoja una ua, mwingine limekatwa, na mkono wenye kisu kati yake. Akaita wenzake. Walijadiliana kwa muda mrefu: kisu kikae wapi, kikate umbali gani kutoka kichana cha mwisho, na huyo mwenye kisu avae leso ya rangi gani. Nilishuka, nikapima ukuta wa pili kwa futi, nikawatajia bei. Walikata kidogo, nikakubali, na arubuni ikaingia kwa M-Pesa kabla vijana hawajamaliza kuhamisha ngazi.