Kirungu cha Gitaa Letu

Siku hizi kwaya nyingi za Tanzania huimba kwa magitaa ya umeme, na kijijini kwetu pia liko moja. Sisi ndio tuliokabidhiwa kulitunza, nalo hukaa nyumbani mwetu. Leo twapenda kuwasimulia habari ya kirungu chake kimoja, kile cha kuzungusha kwa vidole ili sauti ipande au ishuke. Habari yenyewe haitupi sifa, walakini yaweza kumfaa mwingine.

Kwanza yafaa tueleze namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Chini ya nyuzi zake za chuma zimo sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Mafundi huziita pikapu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo mno hutokea katika waya ule, ukapita katika swichi na virungu, ukatokea tundu la pembeni hata kufika kwenye amplifaya na spika. Swichi huchagua pikapu ipi isikike. Kirungu cha kwanza ni cha wingi wa sauti, na vingine viwili hupunguza ukali wake.

Gitaa letu limeigwa kwa umbo la Stratocaster, lililotolewa na Fender huko Marekani mwaka 1954. Swichi ya magitaa yale ya kwanza ilikuwa na vituo 3 tu. Wapigaji wakagundua ya kuwa wakiisimamisha kati ya kituo na kituo, pikapu mbili husikika pamoja, na sauti yake ni tamu. Mwaka 1977 kiwanda kikaanza kutia swichi ya vituo 5. Basi hapo mkono wa mpigaji ulijua jambo kabla ya fundi kulijua. Laiti sisi tungalilikumbuka hilo!

Mpigaji wetu alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mwenye adabu na sikio jema. Siku moja alitwambia, “Mwalimu, kirungu cha sauti kinacheza, chazunguka na kitako chake.” Tukamjibu kwamba tutaangalia. Hatukuangalia. Akasema tena baada ya majuma mawili, nasi tulikuwa na madaftari ya kusahihisha, tukamwambia apige tu.

Hata jioni moja, katikati ya mazoezi, gitaa likanguruma, kisha likanyamaza kabisa. Kijana akajaribu kuzungusha kirungu, kikapasuka mkononi mwake. Sisi, mbele ya kwaya nzima, tukamwambia ya kuwa mkono wake ni mzito, na kwamba chombo cha watu wote si cha kuchezewa. Hakujibu neno. Aliliweka gitaa juu ya benchi, akaenda zake. Na Jumapili iliyofuata hakuja.

Tulidhani kazi ya kulitengeneza ni ndogo. Tukanunua kirungu kipya sokoni, tukajaribu kukivika, kikakataa. Tukakisukuma kwa kiganja, kikakataa. Mwisho tukatwaa nyundo, tukakigonga. Pigo la tatu, mhimili ukazama ndani na kitu kikavunjika. Sasa aibu ilikuwa yetu, walakini hapakuwa na mtu wa kutuona.

Tukalichukua gitaa hata mjini, kwa mzee mmoja fundi wa redio. Alilegeza nyuzi, akafungua skrubu 11 za bamba la mbele, akalipindua bamba. Kabla ya kugusa waya wo wote alichora karatasini mahali pa kila waya, akaandika na rangi yake. “Mwalimu,” akasema, “asiyechora huja kulia.”

Akatuonyesha kitako cha kirungu, yaani potenshiomita. Ndani yake mna njia ya kaboni iliyopinda kama kwato, na kidole cha chuma kinachotembea juu yake mhimili unapozungushwa. Vumbi likiingia, sauti hukwaruza. Mihimili nayo si ya namna moja. Mingine ni ya mviringo mtupu, na kirungu chake hukazwa kwa skrubu ndogo ya ubavuni. Mingine imepasuliwa katikati na kuchongwa meno: ya kipimo cha Marekani ina meno 24, na mingi itokayo Asia ina unene wa milimita 6 na meno 18. Gitaa letu lilikuwa na mhimili wa meno 24, nasi tulinunua kirungu cha meno 18. Hata kama tungaligonga mwaka mzima, visingalipatana.

Kisha akanyamaza, akatuonyesha waya mmoja uliosokotwa na kukatika. “Huu haukukatwa na nyundo yako. Nati ya juu ililegea zamani. Kila mtu alipozungusha kirungu, potenshiomita nzima ilizunguka pamoja nacho na kuusokota waya, mpaka ukakatika. Nati hii hukazwa kwa dakika moja.”

Maneno ya kijana yakaturudia yote mawili, lile la kwanza na lile la pili.

Mzee akatia potenshiomita mpya ya omu 250,000, ipasayo pikapu za namna yetu. Alikipasha moto kiungo kwanza, ndipo akagusisha lehemu, ikatiririka na kung’aa. Ikiwa na chengachenga, alisema, haikushika. Akakaza nati huku ameishika potenshiomita kwa chini isizunguke. Akavika kirungu cha meno yake, nacho kikaingia kwa kidole tu.

Tuliporudi hatukupita nyumbani kwetu. Tulikwenda na gitaa mpaka kwao yule kijana, tukapiga hodi, tukaeleza mbele ya baba yake habari ya nati, ya waya, na ya nyundo pia. Baba yake alisema, “Mwalimu, ulimlaumu mbele ya watu.” Tukakubali ya kuwa ndivyo. Basi siku ya mazoezi tukayasema yale yale mbele ya kwaya, na ulimi wetu ulikuwa mzito kuliko siku ya kulaumu. Kijana alikuja, akaketi benchi la nyuma. Hakulishika gitaa siku ile, wala juma lililofuata. Juma la tatu alilitwaa, akazungusha kirungu polepole, akasikiliza.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu tuliambiwa mara mbili, na aliyetwambia ndiye tuliyemlaumu. Tangu hapo tumefunga bisibisi na spana ndogo ndani ya mfuko wa gitaa; na mpigaji akisema kitu kinacheza, twaacha madaftari, twaenda kutazama.