Taa ya Buluu Asubuhi ya Komarock

Atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa gari hupanda zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na aghalabu hahisi kwamba anapanda. Barabara ni ya kilomita 480 na ushei, na sehemu kubwa yake ni nyika. Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri: sisi dada wawili tukipokezana usukani, mama yetu nyuma pamoja na kapu la mahamri na chupa ya kahawa ya tangawizi. Tulisimama Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, kama walivyosimama wasafiri wa kwetu miaka nenda miaka rudi. Tukapita Voi na Mtito Andei. Tukapita Sultan Hamud, mji uliobaki na jina la Sultani wa Unguja katika nchi ya Wakamba, jambo ambalo mama yetu hulitaja kila safari kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Alasiri tukaingia Komarock.

Tulikwenda kwa binti wa marehemu dada yetu mkubwa, aliyekuwa katika siku za mwisho za arubaini yake. Lau mama yake angalikuwa hai, yeye ndiye angalikwenda. Kwa kuwa hayupo, ilitupasa sisi.

Komarock ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, kando ya Barabara ya Kangundo, ukipakana na Kayole. Jina lake ni la kilima cha mawe kilichoko mbele zaidi, upande wa Machakos. Nyumba zilijengwa kwa awamu, na hata leo ukimuuliza mwenyeji anakoishi atakutajia awamu kwanza, kisha lango. Zilikuwa nyumba ndogo za kufanana, za watu wenye mishahara ya kiasi walionunua kwa mikopo ya miaka mingi. Wengi wamekwisha kuongeza ghorofa juu ya ghorofa, hata ua wa mbele umemezwa na ngazi, na magari yamebaki kulala nje bega kwa bega. Sisi tuliozoea vichochoro vya Mji wa Kale hatukuona ajabu kubwa katika kubanana huko. Kilichotushinda ni baridi. Mwezi wa Julai Nairobi hufunikwa na wingu la kijivu tangu alfajiri, na joto la asubuhi hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Mama yetu alilala na leso mbili na koti la mkwe.

Asubuhi ya pili ilikuwa siku ya mtoto kupelekwa chanjo ya wiki ya sita. Binti yetu alitaka kwenda kwa gari lake mwenyewe, alilolinunua mwezi wa tano wa mimba yake. Gari letu lilikuwa limeliziba, basi tukaliwasha na kulisogeza. Mama alikaa ndani yetu kwa muda huo mfupi, kisha akahamia mbele katika gari la mjukuu wake. Akatazama, akasema:

“Ya kina mama zako wadogo ina taa ya buluu. Hii haina. Au hii haioni baridi?”

Binti yetu akacheka. “Khalati,” akatuambia sisi, “hii gari tangu niinunue haijawahi kuniwashia taa hata moja. Ndiyo maana niliipenda.”

Tulicheka naye, kisha tukaacha kucheka.

Inafaa tueleze hapa ile taa ya buluu ni nini, kwani kwetu pwani tunaiona bila kuitazama. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa kuonyesha joto la injini. Mahali pake pamewekwa alama ya kipimajoto kilichotumbukia katika mawimbi ya maji. Injini ikiwa bado baridi, alama hiyo huwaka buluu. Ikishapata moto wa kutosha, huzimika. Na injini ikizidi joto, huwaka nyekundu. Mombasa taa hiyo huzimika kabla hatujatoka mtaani. Komarock, asubuhi ya Julai, ilituandama hadi langoni na hatua kadhaa nje yake. Basi gari lililolala nje usiku kucha katika baridi ile, likawashwa bila ya kuonyesha buluu, lilikuwa na jambo. Na iwapo haliwezi kuonyesha buluu, litaonyeshaje nyekundu?

Tulimwomba azime. Kisha tukamwambia auzungushe ufunguo polepole hadi hatua ya kabla ya injini kuwaka, aishie hapo. Katika hatua hiyo gari hujijaribu: taa za tahadhari zote kuu huwaka kwa pamoja ili dereva ajue kwamba zipo hai, kisha huzimika moja moja, nyingine mara tu injini iwakapo. Magari yanayowashwa kwa kitufe hufanya vivyo hivyo, ukikibonyeza mara mbili bila ya kukanyaga breki. Tukafanya hivyo kwanza katika gari letu, tukahesabu. Kisha katika lake. Birika la oili liliwaka, betri ikawaka, breki ikawaka. Kipimajoto hakikuwaka. Mchoro wa injini, ule wa manjano, nao haukuwaka.

Mtoto alipelekwa chanjo kwa gari letu.

Adhuhuri tulilipeleka lile jingine kwa fundi kijana mwenye kibanda kando ya Barabara ya Kangundo. Si mbali, na njiani binti yetu alituambia jambo ambalo hakuona kuwa na uzito: kila Jumamosi alikuwa akiongeza maji katika rejeta, kama alivyoshauriwa na aliyemuuzia, aliyemwambia kwamba magari ya namna ile “hunywa maji”. Fundi alisikia maneno hayo na hakusema kitu. Alifungua skrubu, akakitoa kisanduku cha dashibodi chenye vioo na mishale, akakigeuza na kukifungua. Nyuma ya kipimajoto palikuwa na kipande cha utepe mweusi, mdogo kama ukucha, kimebandikwa kwa unadhifu mkubwa. Nyuma ya mchoro wa injini kulikuwa na kingine. Akatuambia kwamba ameshabandua vingi.

Kisha, injini ikiwa imepoa kabisa, alifungua kifuniko cha rejeta akaiwasha, akatuita tutazame. Maji yalikuwa yakitoa mapovu kama sufuria ya chai. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, na moshi wa injini ulikuwa ukiingia katika njia ya maji, maji nayo yakipotea. Hapa urefu wa Nairobi una neno lake. Maji ambayo Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, Nairobi huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Ni shinikizo la ndani ya rejeta iliyofungwa sawasawa ndilo linalozuia yasichemke mapema, na rejeta hiyo haikuwa tena na uwezo wa kulihifadhi. Fundi alisema kwamba safari moja ya foleni ndefu ingetosha kuiua injini. Binti yetu alikumbuka usiku mmoja wa uja uzito wake, katika foleni ya kutoka mjini, na harufu tamu aliyoidhania kuwa ya mahindi ya kuchoma ya barabarani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, na jioni ile mazungumzo yote yalikuwa ya taa. Alama hizi si za kampuni moja. Shirika la Kimataifa la Viwango limeziwekea kiwango, nambari 2575, na kwa hivyo gari la Kijapani lililoshuka Kilindini husema kwa alama zilezile zinazotumika kwingineko, hata kama sauti yake bado inalalamika kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka minane, lakini likishaingia laweza kupita mikono mitano, na katika kila mkono pana mtu mwenye utepe au asiye nao.

Nyekundu ni ya kusimama. Birika la oili likiwaka njiani, jambo hilo halingoji hata kituo cha petroli kinachoonekana mbele: ondoka barabarani, zima injini, weka pembetatu zako, kisha pima oili kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare. Ikiwa imepungua, ongeza. Ikiwa ipo ya kutosha na taa ingali inawaka, gari livutwe, kwani injini isiyosukumiwa oili hujisaga yenyewe kwa dakika chache. Kipimajoto chekundu nacho hivyo hivyo, na kifuniko cha rejeta kisiguswe hadi injini ipoe, nusu saa kwa uchache. Tumewajua watu waliobaki na makovu ya uso kwa haraka ya kukifungua. Betri nyekundu haisemi kwamba betri ni mbovu, bali kwamba haipati umeme, na pengine mkanda umekatika. Katika baadhi ya magari mkanda huohuo ndio uzungushao pampu ya maji, kwa hivyo macho yasitoke kwenye joto. Alama ya breki huanza kwa kutazamwa breki ya mkono, ambayo sisi sote tumewahi kuisahau. Ikiwa imeachiwa na taa bado inawaka, tazama oili ya breki, na kama pedali inazama, usisogee hata hatua moja.

Manjano hutoa muhula. Mchoro wa injini ukiwaka bila ya kupepesa, mwone fundi mwenye kifaa cha kusomea katika wiki hiyo. Ukipepesa, punguza mwendo na usimame mapema, kwa sababu petroli isiyoungua inaingia katika bomba la moshi. Kuna pia yule mtu aliyekaa na duara mbele yake, alama ya mifuko ya hewa, ambayo mafundi hutuambia hufichwa sana katika magari yaliyowahi kugongwa. Ukinunua gari, hesabu taa kabla ya kusikiliza injini. Dada zetu wengi huachiwa na wanaume kuchagua rangi na viti. Hesabu hii haihitaji zaidi ya macho na dakika moja.

Mume wa binti yetu alimpigia simu muuzaji. Muuzaji hakukana sana. Alisema kwamba gari liliuzwa kama lilivyo, na kwamba naye alilinunua kama lilivyo. Pengine alisema kweli katika hilo la pili, nasi hatuna njia ya kujua utepe ule ni wa nani. Matengenezo yalikadiriwa kuwa karibu na mshahara wake wa mwezi mzima, naye yumo katika likizo ya uzazi.

Ndipo ndugu mmoja wa mumewe, kijana mwema aliyekuja na matunda, akatoa rai yake. Utepe bado upo, alisema. Rejesheni, jazeni maji, gari liuzwe wiki hii kwa bei ileile, na hasara iende ilikotoka. Sebuleni pakawa kimya, na tukiri kwamba kimya chetu hakikuwa cha kukataa papo hapo. Fedha zilikuwa nyingi, na mtoto alikuwa mikononi mwetu. Ni mama yetu aliyesema. Hakumtazama kijana, alimuuliza mjukuu wake kama angali anakumbuka kisa cha rundo la nafaka sokoni Madina, alichofundishwa chuoni akiwa na miaka saba: rundo lililokuwa kavu juu, na mkono wa Mtume ulipoingia ndani ukakuta umande.

“Nakikumbuka, bibi,” akasema.

“Basi lile lilikuwa umande tu,” mama akasema, akaomba apakatishwe mtoto.

Lilitengenezwa. Sisi tulichangia tuliloweza, shangazi zake wa Malindi wakachangia, na lililobaki fundi alikubali kulipwa kwa miezi mitatu. Gasketi ilinunuliwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa Nairobi bado huiita Grogan, na badala ya maji matupu rejeta ikajazwa maji ya kupozea yaliyochanganywa dawa ya kuzuia kutu. Vile vipande viwili vya utepe fundi alimkabidhi binti yetu mkononi, kama daktari wa meno anavyomkabidhi mtoto jino lake.

Siku ya kuondoka tulitoka kabla ya jua. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, na kutoka upande wa Kayole adhana ilikuwa imekwisha kitambo. Binti yetu alitaka kutusindikiza hadi barabara kuu, mtoto akibaki na baba yake. Tukawasha magari yote mawili ubavu kwa ubavu. Mama yetu aliteremka kutoka letu, akaenda akainama dirishani mwa mjukuu wake na kuchungulia ndani, akabaki hapo muda mrefu huku leso yake ikilowa ukungu, kisha akarudi akafunga mlango.

“Inawaka,” akasema. “Twendeni.”